Chujio la Jikoni

Walikuja alfajiri, uji haujachemka,
vijana wa chama cha mazingira, kuomba chujio.
Lipi? La chai. La nini? Tunakwenda kuvua vidudu.
Nikasema: hilo haliendi popote bila mimi.
Ndivyo nilivyopanda basi la shule na aproni yangu.

Kwanza pango, juu ya Endebess.
Ndiema, mwenyeji wetu, akamulika ukuta:
mikwaruzo mirefu, kama ya mwiko
kwenye sufuria ya ugali ulioungua.
"Ndovu. Huingia usiku kwa kupapasa,
wakachimba chumvi kwa pembe."
Akazima tochi.
Miaka kumi na tisa natia chumvi kwa kukadiria kiganjani,
sikuwahi kufikiri kwamba mnyama naye
huacha msitu, akashika njia, akatafuta jikoni.
Popo walinong'ona juu yetu
kama darasa lisilo na mwalimu.

Kisha kijito. Chemtai akavua viatu,
akalitosa chujio langu (langu!) chini ya mawe,
akainua.
Kijidudu, mikia mitatu,
membamba kuliko nywele za muhindi mbichi.
Jina lake la kitabuni limenishinda.
"Huyu hakai penye maji machafu, Mama Mukhwana.
Ukimwona, mto unapumua."

Saiwa tulifika jua limekaza.
Nzohe sikumwona. Wenzangu walimwona,
au walisema walimwona.
Mimi nilimsikia Mwalimu Makokha:
"Kinamasi si maji yaliyokwama.
Mafunjo haya ni chujio. Hushika tope,
hushika mbolea, yakaachilia maji."

Nikalitazama lililo mkononi mwangu. Nikanyamaza.
Maana naujua mtaro wa nyuma ya jikoni:
mafuta, sabuni, ukoko wa sufuria za watoto mia nne,
unashuka kwa akina Khaemba, unakata shamba la mahindi,
halafu...
Nani huuliza maji machafu yanakokwenda?
Tunashukuru tu yameondoka.

Jumatatu nikachimba shimo. Kokoto, mchanga, makaa.
Bwana stoo anauliza makaa yanaishaje upesi hivi.

Chujio nimelisugua kwa majivu mara tatu,
chai bado ina harufu ya mto.
Chemtai peke yake alinusa kikombe,
akanitazama, akanywa.

Jioni, wote wakishaenda prepu,
nalitosa mtaroni, nainua, nasogea penye taa.
Tope. Punje ya mchele.
Mwenye mikia mitatu hajaja.