Gololi Iliyokosa

Neisalie alichonga panda ya mpera
kwa kisu cha kuchinjia kuku,
akafunga mpira wa tairi bovu la jipu;
ulimi wa kiatu cha baba
ukawa kitanda cha risasi.

Kazi yangu, udongo.
Desemba, Milima ya Naga imejifunika ukungu hadi masikioni,
nami kando ya jiko nafinyanga gololi mia,
kila moja naibana kwa kidole gumba,
nazioka jivuni pamoja na viazi.

Alfajiri aliondoka, mfuko ukilia kama njuga.
Jioni: shore wawili, kindi mmoja,
shingo zikining'inia kama kamba za viatu.
Tulikula. Sisemi uongo, tulikula tukalamba vidole,
na bibi akanitemea kiganjani gololi.
"Alama yako hii," akasema, akaendelea kutafuna.

Siku hizi kijiji kimepiga marufuku manati.
Neisalie anauza vocha za simu Dimapur.
Leo, kwenye ngazi ya chini ya mpunga,
jembe limegonga kitu kidogo, chekundu,
na juu yake gumba
la msichana wa miaka tisa.

Hii ilikosa.
Naipangusa tope kwa sketi.
Mia, kasoro ngapi?