Viti Vimebaki Uchi

Mama alinifumania nikifumua.
Mpira wa uzi magotini ulikwisha kufika ukubwa wa nazi,
na kochi la wageni, lile la watu watatu,
limebaki na mbao zake na sifongo lake
mbele ya macho ya Gungu nzima.

Hakusema neno. Alivuta kigoda,
akautazama mwaka wa mimba ya pacha,
mwaka aliofuma akisubiri Bukuru na Butoyi,
ukitoka tundu kwa tundu,
ukipita kidoleni mwangu, ukiviringika.

Sketi niliiwaza tangu masika.
Niliichora kwa mkaa nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
kiuno kimekaza kama shingo ya kibuyu,
kisha nyonga, kisha kufunguka,
na pindo lipige mawimbi madogo,
si ya dhoruba, yale ya asubuhi pale Kibirizi
wanawake wanapoanika dagaa.
Bei ya uzi mpya niliiuliza Mwanga, duka la Nzobe.
Nikashukuru. Nikarudi kwa miguu.

Uzi uliofumuliwa hausahau.
Unatoka na mikunjo, kama nywele zilizofumuliwa mabutu.
Niliufua kwa sabuni ya mawese,
nikaufunga mafungu, nikauning'iniza kambani,
kila fungu na jiwe lake miguuni.
Siku mbili, ukanyooka.
Fungu moja tu halikutakata:
mchuzi wa sikukuu ya mwaka gani sijui
umelidonoa madoa ya rangi ya chungwa.
Nikaliweka kando.

Sindano yangu ni spoku ya Foneksi ya baba.
Bukuru aliisugua kwenye jiwe la kunolea panga
mpaka ncha ikajikunja kama ukucha wa kifaranga.

Mnyororo wa kwanza, mia na ishirini.
Nilihesabu kwa punje za maharage,
kumi kumi kwenye sahani ya bati.
Kuku akala nne.
Kwa hiyo kosa la kwanza la sketi hii
si langu.

Kitambaa cha kochi ni duara linalopenda kulala:
ukiligawia matundu kwa haki kila mzunguko
linatulia kama sahani.
Sketi haitaki kulala.
Usipoiongezea, ni gunia;
ukizidisha, inaota masikio.
Na mwili si meza. Una mbele, una nyuma,
na nyuma, kwa ukoo wetu,
panadai mistari miwili ya ziada.

Mstari wa tisa, umeme ukakatika.
Mama akanyoosha mkono gizani, akapapasa
kama anayetafuta vijiwe kwenye mchele.
"Hapa," akasema. "Umeruka."
Mstari wa tatu. Nguzo moja.
Nani ataiona, nikamwuliza.
"Mimi nimeiona, na taa hakuna."

Nikafumua mistari sita.
Nilinung'unika kwa kila mmoja.

Kesho yake akaanza yeye:
"Na ndani? Matundu haya si ukuta."
Gamisi, nikasema.
"Ya rangi gani?"
Nikainamia uzi nisionekane nikicheka.
Alikwisha kuingia ndani ya sketi
kuliko mimi niliyeichora.

Ndiye aliyeliokota lile fungu lenye madoa.
"Hili lizungushe pindoni, lote.
Doa likiwa moja watauliza nani kamwaga.
Yakiwa mia watauliza bei."

Ilikwisha Ijumaa, usiku.
Ni nzito kuliko nilivyodhani; inavuta chini,
imebidi kamba kiunoni, na fundo.
Mchoro wangu haukuwa na kamba.

Jumamosi akaja mama Hakizimana kukusanya hisa.
Akakaa kwenye sifongo, akajisogeza, akajisogeza tena.
"Vile vitambaa vyako vyeupe, jirani, vimekwenda wapi?"

Mimi nipo mlangoni, kapu mkononi.
Mama hakuinua macho kwenye daftari.
Alininyooshea kidevu:
"Kimoja hicho hapo. Kinakwenda sokoni."