Mkanda Nilioushona

Mikanda yote ya ukumbi ule nimeishona mimi.
Kitambaa nakinunua Kariakoo kwa jora,
nakikunja, napitisha mishono minane kwa urefu,
sindano namba kumi na sita,
na ninapokata uzi kwa meno sijui bado
ni kiuno cha nani.
Wa njano, wa kijani, wa kahawia.
Mweusi mmoja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri.
Wangu mweupe.

Nina miaka hamsini na miwili.
Sikwenda Vingunguti kutafuta rangi.
Nilikwenda kwa sababu ya mkono mmoja,
usiku, upande wa Tazara,
uliojua mauzo ya siku nayaweka kifuani.

Basi nakaa mstari wa mwisho,
nyuma ya watoto wa darasa la tano,
maana mstari ule hauulizi umri,
unauliza umefunga nini kiunoni.
Na mbele, kwa mkanda wa kahawia,
kasimama Twalibu wa Mama Hiari,
niliyemkatia kaptula ya chekechea
nikaitia kiraka mara mbili makalioni
kwa kuteleza kwake kwenye mchanga wa mafundi.

Mlangoni ananiambia, "Shikamoo shangazi."
"Marahaba."
Tukishavua viatu, mimi ndiye ninayeinama.
Kizingiti kimoja tu,
na heshima imegeuzwa ndani nje
kama shati linalosubiri pasi.

Mtihani ni mwezi wa nne na wa kumi.
Mwalimu Mbaruku ana kauntabuku.
Ukishikwa mkono, toka. Ukikabwa koo, toka.
Kisu ni rula ya mbao. Kibaka ni Twalibu.
Ukifika nusu ya njia hupewi mkanda,
unapewa mstari: utepe mweusi wa mafundi umeme
uliozungushwa kwenye ncha,
ukifua kwa maji ya moto unabanduka.
Nilimwambia, Mwalimu, nilete uzi nikushonee mistari ya kweli.
Akasema, mstari sharti uweze kupotea.

Saa tano kasoro, bati limeanza kulia kwa joto.
"Siwema Chuma."
Nikaingia kati.
Akanikaba kwa nyuma. Nikashusha kidevu,
nikashuka kama anayetafuta kigoda, nikageuka,
na mtoto wa Mama Hiari akaruka,
akatua puu, turubai likatema vumbi.
Darasa la tano wakashangilia.

Na mimi nikasema, "Pole, baba."
Nikainama kumwinua.

Akanidaka kifundo cha mguu.
Nilianguka kama jora.

Mwalimu hakunong'ona:
"Mbinu, nane. Sauti, saba. Mlango?"
Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi,
wala sikuutazama.
"Mlango, sifuri.
Siwema, pole ni ya baada ya mlango."

Miaka hamsini na miwili nafundishwa pole:
jirani akijikwaa, mgeni akielemewa na mzigo,
hata mvua ikimnyeshea mtu nisiyemjua,
inatoka yenyewe, kama mshono wa kurudi
mwisho wa pindo.
Nani aliwahi kunifundisha kuimeza
kwa hatua kumi tu?

Nikapewa utepe wangu. Nikarudi dukani
kushona mkanda wa kijani
wa binti wa miaka kumi na mmoja
aliyempiga Twalibu teke la goti
akakimbia mpaka kwa muuza miwa
bila kugeuka.
Mshono wa saba ulipinda. Nikaufumua.

Magharibi Twalibu akapita, mkono kiunoni, akaingia.
"Shikamoo shangazi. Mgongo huu, leo silali."
"Marahaba."
Nikaiacha cherehani. Nikatazama mlango.
Nikarudi nyuma hatua mbili,
meza ya kukatia ikawa kati yetu,
ndipo nikasema
pole, baba.