Viti Kumi na Kimoja

Sisi ni watu wa viti.
Baba mkwe alisuka viti, Ermes anasuka viti,
na mimi, Onorina, nashika daftari
katika karakana ya kando ya reli, nje kidogo ya Udine,
ambako treni ikipita gundi hutetemeka koponi.

Oktoba ilikuja barua pepe yenye rangi za pipi:
Jaribu bure, siku kumi na nne.
Programu ya kupanga oda, kuhesabu miguu na migongo,
kumkumbusha mteja kwamba kiti chake kiko tayari.
Waliomba namba ya kadi, kwa uthibitisho tu.
Kwa uthibitisho tu! Na Ermes,
anayebishana na muuza misumari hadi mwenzake aombe maji,
akaichomoa kadi kama mtu anayetoa leso.

Tuliingiza oda moja: viti sita vya paroko,
mbao za mwaloni, vikalio vya matete.
Kisha mvua. Siku ya kumi na tatu maji yaliingia
hadi kifundo cha mguu, tukawa tunapandisha mbao darini.
Siku ya kumi na nne tulikuwa tunakwangua matope.
Ya kumi na tano hakuna aliyeikumbuka.
Mashine iliikumbuka.
Mashine haina matope.

Machi nilikaa na taarifa ya benki na kalamu nyekundu.
Kwanza nikadhani ni umeme.
Halafu nikadhani ni bima, maana bima nayo huja kimyakimya.
Jina lilikuwa herufi nne zisizotamkika,
kila tarehe tisa, na kila mwezi deni limenenepa:
yuro thelathini na tisa, sabini na nane,
mpaka mia nne ishirini na tisa.
Nikamwita Loris, kijana wetu wa kupiga msasa.
Akasoma, akajikuna shingo.
"Signora, mnalipia viti."
Viti gani?
"Kila mtu aliyealikwa humo ni kiti."
Alikuwa amemwalika dereva, muuza gundi,
binamu yake wa Gorizia aliyetaka kuona tu,
na mimi mara mbili, kwa kuwa jina langu alilikosea mara ya kwanza.
Viti kumi na kimoja.
Nikainua macho nikahesabu vya kwetu, vya kukalia sisi:
vitatu, na kimoja hakina mgongo.
Mganga hajigangi, na fundi viti anakalia ndoo.

Kujitoa ni safari nyingine.
Kitufe ni cha kijivu juu ya kijivu.
Una hakika? Ndiyo.
Una hakika kabisa? Ndiyo.
Tutakukosa sana.
(Mume wangu hajaniambia hivyo miaka ishirini.)
Tuambie sababu, chagua moja:
ghali mno, siitumii, nimepata nyingine.
Haikuwapo ile ya kwangu: sikujua kama nimo.
Kilichokwisha kulipwa hakirudishwi, wakaandika,
kwa upole mwingi, na kauá mwishoni.

Usiku ule Ermes hakugusa supu.
"Hata sisi tunatoa bure," alisema baadaye.
Ni kweli. Chukua kiti, kaa nacho wiki,
kiuno chako kikikikataa, kirudishe.
Lakini kiti chetu, wiki ikiisha,
hakiamki usiku kwenda kupekua pochi yako.
Kinangoja tu, miguu minne sakafuni,
mpaka mtu mwenyewe aseme.

Nikamkumbusha Tranquilla, yule wa nyuma ya kanisa,
aliyechukua kiti cha kujaribu mwaka wa tisini na nane,
alipovunjika nyonga.
Hajakirudisha, hajakilipa,
na kila Jumapili anatusalimu sisi kwanza.
Daftari ninalo. Nimwendee?

Ermes akafuta midomo ambayo haikuwa imekula kitu.
"Mwache," alisema.
"Amekwisha kukizoea."