Ubavu wa Kulia

Kutwa napima malori langoni Kilindini:
tani ishirini na nane, tani thelathini na moja,
hili limezidi, lirudi,
dereva anitukane kwa lugha tatu.
Usiku napima kwa mzani wa sonara
niliouziwa siku alipofunga duka,
nanga yenye uzito wa punje mbili za mchele.

Twakaa ghorofa ya tatu, Tononoka.
Meza ni hiyo hiyo ya kulia.
Saumu ameipiga mpaka kwa utepe mwekundu:
huku sahani, kule meli.
Mpaka hauheshimiwi. Juzi alikuta kipande cha msasa
ndani ya mchuzi wa kunde,
akakitoa mdomoni, akakitazama,
akakiweka upande wangu,
akaendelea kula.

Mkuku ni mkangazi wa kitanda cha nyanya.
Mataruma ni vijiti vya mishkaki, thelathini na sita.
Bomba la moshi ni mpini wa mwiko,
nao ni mwiko wa tatu; wa kwanza na wa pili niliukata mfupi.
Vibanio vya nguo hushika mbao hadi gundi ikauke,
ndiyo sababu nguo zetu huangukia kwa Bi Mishi, ghorofa ya chini,
naye huzirudisha zimekunjwa, pamoja na swali:
“Haijang’oa nanga tu?”

Si meli ya sifa.
Ilibeba saruji, mbata, vitunguu,
na safari moja kinanda ambacho mwenyewe hakutokea.
Babangu aliipikia miaka tisa.
Nina picha moja tu, ya ubavu wa kushoto,
na omo imefichwa na kidole cha mpiga picha.
Jina limesalia herufi nne: RINA.
Marina, asema ami. Katarina, asema shangazi, tena kwa kiapo.
Nimeandika RINA, kwa brashi ya nywele tatu,
na mbele yake nikaacha rangi tupu
yenye upana wa kidole kile.

Ubavu wa kulia sikuwa nao.
Miezi minne meli ilikaa imeegemea ukuta
kama mtu anayeficha shavu lenye jipu.
“Geuza tu,” asema Saumu, “pande mbili hufanana.”
Nikamwonyesha masikio yangu.
Akacheka, lakini hakukubali.

Ndipo akaja Mbarakali, aliyekuwa fundi mafuta wa injini.
Hakuja kwa ajili ya meli. Alikuja kudai
shilingi mia mbili alizomkopesha marehemu
mwaka ambao hata yeye haukumbuki vizuri.
Nikamlipa. Akazihesabu, noti mbili, mara mbili.
Kisha akaigeuza meli kwa mkono mmoja, roho yangu ikaruka,
akaguna:
“Na mlango wa jiko u wapi?
Hapa. Hapa ndipo akiketi, miguu nje, akimenya viazi,
maganda yaenda majini, nahodha amfokea,
naye amenya tu.”
Mengine hakuyajua. Idadi ya madirisha, hajui.
Rangi ya ngazi, hajui.
Akaomba nauli ya kurudi Magongo, akaenda zake.

Usiku ule nilikata tundu la ukubwa wa ukucha
katika ubao niliokwisha kuupiga msasa mara tano.
Mkono ulitetema. Saumu, bila kuambiwa,
akaja kunishikia taa ya simu
na kiwiko chake kikavuka utepe.

Watu sichongi. Nilijaribu zamani,
wakatoka wote kama pini za kuchezea.
Ila nilipokwangua ukingo wa mlango
ukatoka unyuzi mmoja wa maranda,
mwembamba, umejikunja mara mbili.
Nikauokota kwa kibano,
nikaugandisha kizingitini
uning’inie nje.

“Hicho nacho ni nini?”
“Ganda.”
Saumu akainama, akaleta mdomo karibu,
akapuliza kidogo
kuona kama litashika.