Kihusishi Mlangoni

Boston, ile ya Lincolnshire, siyo ile ya Marekani,
mji wa kabichi na mvua isiyokata shauri.
Saa moja jioni, darasani juu ya duka la mazulia,
Danguolė anakunjua karatasi yenye harufu ya vitunguu
na kumsomea mwalimu sentensi yake ya kwanza:
Mr Pocklington, you infringe my room.

Mwalimu Cawthorne hana haraka. Anavua miwani.
"Chumba hakikiukwi," asema. "Chumba huingiwa.
Kinachokiukwa ni haki."
"Lakini haki sikuiona imelala kitandani.
Aliyekuwa amelala ni mimi."

Alhamisi anatoka zamu ya usiku
vidole vikiwa bado na baridi ya mashine ya karoti.
Saa mbili asubuhi analala. Saa nne ufunguo unazunguka.
Mwenye nyumba hakagui chochote cha maana:
husogeza birika, hufungua droo, hufunga droo,
husema, "Usijali, wewe lala,"
na mlango ukifungwa usingizi huwa umekwenda naye.

Ubaoni mwalimu anaandika upya.
Haki inakaa pale kilipokuwa chumba.
Kisha anasita, kalamu hewani.
Sheria, asema, huvunjwa bila kihusishi,
kavu, kama kijiti.
Lakini faragha ya mtu, uhuru wa mtu,
hapo tunapenda kutia on katikati,
neno dogo, lenye uzito wa kisigino.
Zeferino wa Timor, mkata kuku,
anaandika namna zote mbili
na kuzipigia mstari zote mbili, kwa usalama.

Nami ninayesimulia nafikiria lugha yangu.
Sisi kihusishi hatukiachi nje kikingoja;
tunakitia tumboni mwa kitenzi:
ingia, ingilia.
Silabi moja tu imeongezeka,
na mgeni amekwisha kuwa mvamizi.

"Je, naweza kuandika: you infringe me?"

Kimya. Bomba la kupasha joto linagonga ukutani.
"Hapana. Mtu hawi shamirisho la kitenzi hiki.
Lazima kiwepo kitu cha mtu. Haki yake. Uhuru wake."
Stoyanka, nyuma kabisa, anacheka puani:
"Kumbe hata kukanyagwa
kunataka uwe na mali kwanza."

Mwalimu anaona haya kwa niaba ya sarufi.
Anapendekeza kauli ya kutendwa, kwa adabu:
haki zangu zimekiukwa.
Hatajwi mtu. Barua inabaki na heshima zake.
Danguolė anaitazama sentensi hiyo
kama anavyotazama samaki wa sokoni asiye na kichwa.
"Na ufunguo? Ulijizungusha wenyewe?"

Anafuta. Anaanza na jina, Pocklington,
herufi zote kumi, kiima cha kweli.
Halafu kitenzi, na mkiani ile s ndogo
ambayo miaka mitatu imekuwa ikimponyoka.
Wakati gani? Si uliopita; hajaacha.
Ni ule wa mambo ya siku zote:
maji huchemka, jua huchwa,
Pocklington hukiuka.
Halafu on. Halafu haki yangu.
Halafu nukta, aliyoikandamiza
hadi ikatokeza upande wa pili wa karatasi.

Jumanne simu inalia.
"Barua nzuri sana. Nani amekuandikia?"
"Mimi," asema. "Kiima."
Huko upande wa pili hakueleweka.

Alhamisi aliegemeza kiti mlangoni hata hivyo,
akalala na viatu,
akisikiliza ngazi: ubao wa tatu, ambao hulia,
ukalia; wa nne, ambao haulii,
haukulia.