Swali la Nne, Alama Kumi

Darasa letu liko Makupa, juu ya duka la matairi,
ngazi za nje, kutu tupu, na feni moja
inayozunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Tuko ishirini na watatu. Stashahada ya haki jinai.
Nusu yetu tunataka kwata na kofia,
wengine wametumwa na baba zao,
na Kazungu, muuza viazi karai usiku,
anasema anataka tu kuijua sheria
kabla sheria haijamjua yeye.

Bwana Mwachiro, sajini mstaafu,
hafundishi kwa kitabu ila akibanwa.
Jumanne ile alikuwa akieleza kiapo,
mlango ukafunguliwa kwa teke,
mtu akaingia, akanyakua chupa ya chai mezani,
akashuka ngazi mbili mbili.
Sisi kelele. Yeye anatazama saa.
"Kalamu," akasema. "Mwandikeni."

Tukamwandika.
Alikuwa mrefu. Alikuwa mfupi.
Ndevu anazo, ndevu hana.
Kwa Umazi alichechemea, kwa Kazungu aliruka kama paa,
na mimi niliapa: kofia nyeupe.
Watu ishirini na watatu, wezi ishirini na watatu.
Kisha mwizi mwenyewe akarudi na chai yetu,
shemeji yake mwalimu, fundi wa baiskeli,
kichwa wazi, kipara kinang'aa kwa jasho.

Tulicheka hadi tukagongana mabega.
Bwana Mwachiro akageukia ubao, akaandika:
Taa ya njano hulifanya samawati kuwa kijani.
Akapiga mstari chini yake. Akaendelea na mengine.

Mimi sikuendelea.
Nilikuwa nimerudi Majengo, nina miaka kumi,
magharibi imeshaadhiniwa, taa ya nguzoni imewaka, ile ya njano,
nimetumwa sukari robo kwa Bi Zuwena,
na mtu ananipita mbio na kisanduku cha pesa.
Shati la kijani, nilisema.
Waliponiuliza tena, nikasema kwa sauti zaidi.

Asubuhi wakanipeleka kwa Charo wa mkokoteni,
aliyetuletea maji, aliyewahi kunipakia
juu ya madumu nikacheka njia nzima.
Shati lake la kijani limelowa mgongoni.
"Ndiye?"
Ulimi ulisita. Kidole hakikusita.

Afisa alininunulia soda ya machungwa.
Jicho la mwewe, akanisifu, huyu ni polisi huyu.
Mama akalisimulia hilo arusini, matangani, miaka na miaka.
Charo akapelekwa Shimo la Tewa.
Mkokoteni wake ukabaki uchochoroni, tairi moja juu,
mpaka kuku wakataga humo.

Siwezi kusema hakuwa yeye.
Hilo ndilo linalonikaba.
Miaka kumi na miwili nilijua,
sasa sijui,
na kutojua kuna uzito wa dumu lililojaa.

Mwezi ujao ni usajili, uwanjani, tupimwe meno na miguu.
Jirani ananiuliza, mtoto wa kike, bunduki ya nini?
Namjibu mshahara. Ni jibu fupi, analielewa.
Simwambii kwamba nataka kuwa mimi
ninayepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka kumi
na kumwambia, mwanangu, "sijui" nayo ni jibu,
na soda utapata vilevile.

Mtihani ulikuwa Alhamisi.
Swali la nne: Eleza udhaifu wa ushahidi wa macho. Alama kumi.
Nikaandika umbali, mwanga, woga, muda,
swali lililobeba jibu lake mgongoni,
shahidi anayependa kupendwa.
Nikaomba karatasi ya ziada. Mkono ukauma.

Yamerudi leo. Tisa kwa kumi,
na pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa sajini:
Vizuri. Lakini hukutoa mfano.